Mguu wa Uyoga

Profesa Kasonkomona aliandika majina ubaoni kwa chaki nyeupe, moja chini ya jingine, polepole, kama mtu anayepanga wageni kwenye meza ya harusi. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti, ambaye msimu mzima hakuwahi kuchafua kiatu porini. La tatu la mkuu wa maktaba, aliyetuazima ramani. La nne na la tano yalikuwa ya mabwana wawili wa makao makuu Lusaka niliowajua kwa sauti za simu tu. La sita la shemeji yake, mwalimu wa chuo, kwa sababu naye alitaka kupandishwa cheo. La saba lilikuwa langu. Alipomaliza alikung'uta mikono akaniangalia kwa upole kabisa.

"Umeridhika, Ba Mwaba? Wengi wa umri wako hawafiki ubaoni."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na mkataba unaoisha Machi. Mvua yote ya mwaka ule ilikuwa imeninyeshea mgongoni nikitambaa kwa magoti chini ya miti.

"Hapana," nilisema.

Sasa imepita miaka ishirini na nne, na bado nakumbuka neno lile lilivyonitoka kabla sijalipima. Pale kituoni hakuna aliyekuwa akimwambia Profesa hapana. Hata mbwa wa mlinzi, akimwona Profesa anakuja, alikuwa akimwachia kivuli.

Hakukasirika. Alivuta kiti, akanionyesha na mimi nikae.

"Nilipokuwa kama wewe," alisema, "nilimtembeza mzungu mmoja misitu yote hii miaka mitatu. Ule uyoga mwekundu wa mtoni, mimi ndiye niliyemwonyesha. Ukapewa jina lake. Unajua mimi waliniandika wapi? Mwisho kabisa, herufi ndogo kama sisimizi. 'Tunamshukuru dereva wetu.' Dereva! Na leseni sikuwa nayo." Akacheka peke yake. "Nilivumilia. Leo nina ubao wangu. Vumilia nawe, utapata wako."

Nilimhurumia, kweli, lakini hasira yangu haikupungua hata chembe. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu aliumwa, akapona, akaenda kufuga nyoka.

Habari yenyewe ilikuwa imeanza Desemba. Kwetu Mpika, mvua ikishika, wanawake hupanga mafungu ya tente kando ya Barabara Kuu ya Kaskazini, na malori yaendayo mpakani husimama. Tente ni uyoga mweupe, mnene, na ukipikwa kwa unga wa karanga mtu husahau kwamba kuna nyama duniani. Desemba ile familia moja ya watu watano ilikula tente jioni, na baada ya siku nne walibaki wawili. Wiki iliyofuata, nyumba nyingine. Bomani wakaanza kusema uuzaji wa barabarani upigwe marufuku, na kituo chetu kikaombwa kieleze imekuwaje wanawake waliozaliwa wakila tente wauze sumu.

Profesa alifungua droo zake. Mlikuwa na tente zilizokaushwa za miaka ishirini, zenye vibandiko na tarehe. Tulizigeuza wiki nzima chini ya lenzi. Zote zilikuwa sawa, na hatukuona chochote.

Nikaenda barabarani. Karibu na daraja, kwenye jiwe la zamani la maili, alikuwa akikaa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya mto, akiitwa Bana Kapembwa, yaani mama yake Kapembwa. Kabla sijapiga magoti sawasawa kumwamkia alikwisha kuniuliza ukoo wangu.

"Wa Mvua, mama."

"Loo! Ndiyo maana umeniletea matope. Watu wa Mvua hamna adabu, mnaingia nyumba za watu kupitia paa."

Yeye alikuwa wa ukoo wa Uyoga, na koo zetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hakasirikiwi. "Na ninyi Uyoga, bila sisi mngekuwa wapi?" nikamjibu. "Chini ya udongo, mnaomba dua."

Alicheka mpaka akashika jiwe. Kisha akaacha kucheka.

"Mnachokitafuta si tente, mwanangu. Ni mwana wa kambo. Amevaa nguo za tente, amekaa nyumbani kwa tente, lakini hawakulala tumbo moja. Zamani alikuwa mmoja mmoja. Mwaka huu wamezaliwa wengi, na wasichana wanaookota siku hizi hawamjui."

"Wewe unamjuaje?"

"Kwani wewe mama yako unamjuaje?"

Nikampeleka kituoni. Nilikuwa nimeokota vichwa mia na arobaini kutoka sehemu tisa za msitu, na kila nilipokata kichwa nilichomeka kijiti chenye namba. Nikavipanga juu ya meza ndefu, sehemu kwa sehemu, namba zikiwa zimefichwa chini ya majani. Alikaa asubuhi mpaka saa nane. Alinusa, alipitisha kidole gumba chini ya kofia, alinusa tena. Mwana wa kambo, alisema, hunuka kiazi kilichomenywa jana. Akafanya mafungu mawili. Alipofika mwisho akasukuma vichwa viwili kando.

"Hivi umevichanganya wewe. Huyu hakutoka pamoja na hawa uliomweka nao, ananuka udongo wa kwingine."

Nikamwuliza kama kuna alama yoyote ya kuonekana kwa macho, kitu ambacho msichana wa miaka kumi anaweza kuonyeshwa. Alifikiri sana.

"Labda chini. Lakini mguu wake sijauona maisha yangu yote. Mama yangu angenichapa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hang'oi uyoga. Unaukata kwa kisu usawa wa udongo na kuuacha mguu ardhini, kwa maana mama aking'olewa hazai tena. Mimi nilikata hivyo, na shahada yangu juu. Profesa alikata hivyo miaka ishirini, na droo zake zote zilikuwa zimejaa uyoga usio na miguu. Mtu wa mbali asiye na adabu angeng'oa siku ya kwanza. Sisi tulifichwa mguu na malezi mema.

Tulirudi msituni, tukafuata vijiti, nikachimba mguu mmoja mmoja kwa kijiko. Mguu wa tente umekaa ndani ya kifuko kinene kilichofunguka kama kikombe. Wa mwana wa kambo ni mwembamba, una pete tatu za njano, hata kipofu angezihesabu kwa kucha. Vichwa mia na thelathini na vinane, Bana Kapembwa alikuwa amepatia kila kimoja. Vile viwili vilivyobaki, niliangalia daftari langu: nilikuwa nimebadilisha vijiti mvua iliponikimbiza. Alikuwa ameyasahihisha makosa yangu kwa pua.

Wiki ile ile akawatangazia wanawake wote wa barabara ile kwamba tente iuzwe na mguu wake, na anayekata atamjua yeye. Wateja walinung'unika kuuziwa udongo. Lakini hakufa mtu mwingine.

Hiyo ndiyo kazi tuliyoiandikia makala, ile iliyopewa majina saba ubaoni.

Siku ile ya ubao nilikwenda moja kwa moja kwa Bana Kapembwa, bila hata kuvua koti la kituo. Alikuwa akipepeta karanga. Nikamwaga yote: Mkurugenzi, mkuu wa maktaba, shemeji, mimi wa saba. Nililia kwa hasira, na sioni haya kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Pole, mwanangu. Wa saba ni mbali." Akapeperusha maganda. "Na mimi wa ngapi?"

Nilikuwa nimeisoma rasimu mara tatu kutafuta haki yangu, na haki yake sikuitafuta hata mara moja.

"Wewe… utashukuriwa, mama. Mwishoni. Wameandika, 'Tunawashukuru wanawake wachuma uyoga wa wilaya.'"

"Wanawake. Siku ile pale mezani walikuwapo wanawake wangapi?"

"Ulikuwa peke yako."

"Basi hao wengine wanashukuriwa kwa lipi?" Aliweka ungo chini. "Na wamesemaje juu ya barabara?"

Hilo ndilo nililotaka lisiulizwe. Makala ilisema wachumaji hawawezi kuutofautisha uyoga, na ikapendekeza uuzaji wa barabarani ukomeshwe. Juu ya meza ile ndefu iliandikwa tu kwamba vichwa vilitenganishwa, kana kwamba vilijitenganisha vyenyewe vikiwa vimechoka kukaa pamoja. Nikamweleza hivyo hivyo, nikiangalia miguu yangu.

Aliuokota ungo wake tena. Kisha akanitania, na utani ule uliniuma kuliko tusi.

"Watu wa Mvua ndivyo mlivyo. Mnanyesha usiku mmoja, asubuhi mnasema shamba ni lenu. Profesa wako amekuibia, umekuja kunililia. Wewe uliponiibia, mimi nikalilie wapi?"

"Nitakuandika," nilisema. "Wa kwanza. Naapa."

"Niandike basi."

Nikatoa daftari na kalamu. Nikaandika tarehe. Kisha mkono ukasimama, kwa maana nilikuwa sijui jina lake.

Msimu mzima wa kunywa munkoyo wake na kula ubwali wake, na nilikuwa simjui jina. Kwetu mtu mzima aliyezaa hatajwi jina, ni kumvua nguo mbele za watu. Unamwita kwa mtoto wake wa kwanza, na Kapembwa mwenyewe yuko Kitwe, ana mvi. Heshima ile ile iliyoacha miguu ardhini ndiyo iliyoliacha jina lake huko huko. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

Naye aliona aibu. Aliangalia mlangoni kwanza. "Ngosa," alisema. "Ngosa Kaluba. Mume wangu alikufa hajawahi kulitamka."

Baada ya majuma matatu, jarida tulilotaka kulipelekea makala lilituma fomu. Fomu yenyewe ilikuwa rahisi: kila mwandishi aandikwe alifanya nini, kisha atie saini. Profesa alinipa mimi niijaze, kwa sababu mwandiko wangu ni safi na kwa sababu kukimbiza saini ni kazi ya mdogo. Nikaijaza.

Niliandika: Ngosa Kaluba, aliutambua uyoga, aliutenganisha, alitoa wazo la kutazama chini ya udongo. Mwaba Chisela, aliokota, alichimba, alipima, aliandika. Profesa Kasonkomona, alitoa gari na kusoma rasimu. Mbele ya majina ya wale wengine watano niliacha mstari mtupu. Sikutaka kuwasingizia. Na kwenye rasimu, ule mstari uliosema wachumaji hawajui niliufuta, pamoja na lile pendekezo la marufuku, nikaandika nani alijua, na alijuaje.

Profesa aliisoma amesimama, mlango wazi, karani na wafanyakazi wawili wakisubiri nje na mafaili.

"Ngosa Kaluba ni nani?"

"Bana Kapembwa."

"Muuza uyoga?"

"Ndiye aliyetenganisha vichwa mia na arobaini."

"Ba Mwaba, yule mama hajui kusoma!"

"Siku ile hatukuwa na kitu cha kusoma, Profesa. Tulikuwa na kitu cha kunusa."

Nje mtu alikohoa kuficha kicheko. Profesa alikunja fomu, akaikunjua, akashusha sauti.

"Sikiliza, mwanangu. Nakuweka wa pili. Baada yangu tu, juu ya Mkurugenzi. Na mkataba wako nautia saini leo hii. Mwache mama wa watu kwenye shukrani, atafurahi sana, atawaonyesha wajukuu."

Sitadanganya, nilitamani. Nililiona jina langu pale, la pili, zuri. Nikaona nyumba ya bati ya mama yangu imepigwa rangi. Ningeweza hata kujiambia kwamba nikikua nitakuwa na ubao wangu, na ubaoni kwangu nitatenda haki. Profesa naye, bila shaka, alijiambia hivyo siku alipoitwa dereva.

"Bila saini yangu fomu haiendi," nilisema. "Na saini siweki, labda yeye awe wa kwanza."

"Unamtishia nani?"

"Simtishii mtu. Nakataa."

Hapo ndipo alipopaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mimi nisimame nyuma ya muuza uyoga? Mimi? Basi nitoe! Chukua makaratasi yako, wewe na bibi yako, tuone nani atafungua bahasha yenu!"

"Naomba uandike, Profesa."

Nadhani hakuamini masikio yake. Lakini alikuwa amelisema mbele ya watu watatu, na mtu mkubwa harambi matapishi. Alichukua kalamu nyekundu akaandika juu ya fomu, herufi kubwa: ONDOA JINA LANGU. Akatia tarehe. Wale wengine, waliposikia yeye ametoka, walitoka kwa haraka ya kuku aliyemwona mwewe.

Machi nilirudisha mabuti, koti na lenzi. Nikapata kazi ya kufundisha sekondari, watoto sitini kwa darasa, na hapo nipo mpaka leo. Jarida la kwanza lilirudisha bahasha yetu bila maelezo. La pili lilituuliza nani mkubwa wetu. La tatu, baada ya miezi minane, lilikubali, isipokuwa lilikuwa na swali moja: mwandishi wa kwanza ni wa taasisi gani? Nikapanda baiskeli mpaka darajani.

"Wanataka kujua taasisi yako."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mahali unapofanyia kazi."

Bana Kapembwa alinitazama kama aliyeulizwa pua yake iko wapi. "Si unapaona? Hapa. Kwenye jiwe la maili, kabla ya daraja."

Nikaandika hivyo, neno kwa neno. Nao, kwa heshima yao, walipiga chapa hivyo: Jiwe la maili, kabla ya daraja, Barabara Kuu ya Kaskazini, Mpika.

Nilimpelekea nakala Januari, mvua ikiwa imeshika, malori mawili yamesimama. Bomani walikuwa wameisoma kabla yetu, na lile neno la marufuku halikutajwa tena. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza jina lake liko wapi. Nikamwonyesha. Aliliwekea kidole gumba, kile kile cha kupitisha chini ya kofia za uyoga, akakaa nacho pale muda mrefu. Mama mmoja wa fungu la jirani akauliza Ngosa ni nani, na Bana Kapembwa akajibu kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, barabara nzima ikasikia, "Ni mimi!"

Kisha akashusha kidole.

"Na huyu hapa chini?"

"Ni mimi, mama."

"Vizuri. Mvua imejua mahali pake." Akageuza kurasa mpaka ya mwisho, akitafuta. "Na yule mkubwa wako? Hamkumweka?"

"Tumemweka. Huku mwisho, kwenye shukrani. Jina lote na cheo chake."

"Mmemshukuru kwa lipi?"

"Kwa gari."

Alifikiri, kwa haki kabisa, kama alivyofikiria kila kichwa juu ya meza ile. Kisha akanirudishia karatasi nimshikie, maana dereva wa lori alikuwa amesogea na kapu, na akaanza kumpangia tente zake, kila moja na mguu wake.

"Lilikuwa gari zuri," alisema.